Shajara ya mradi: kibebeo cha kukinga mashada na maua ya chungu, Mbeya

Mei. Vipimo kabla ya msumeno

Kinachotakiwa ni kibebeo kimoja cha mashada na kingine cha maua ya chungu, vyote vitengenezwe na fundi wa kawaida wa mbao kwa vifaa vya Mwanjelwa au Mafinga. Mzigo unatoka kitaluni Uyole kwenda kwa mteja mjini, au stendi kupanda basi la Dar es Salaam. Kwa hiyo kibebeo lazima kikubali keria ya pikipiki, kiti cha nyuma cha bajaji na buti la basi. Vyombo hivi vitatu havifanani hata kidogo katika kuharibu maua, na hilo ndilo linaloamua karibu kila kipimo hapa chini.

Sharti la kwanza la usanifu, lisilojadiliwa: kinachoshika kishike chungu au mashina, kisishike jani wala petali. Vifungashio vingi vinavyoonekana barabarani hufanya kinyume chake. Mtu anafunga kamba kiunoni mwa mmea, au anabana shada kwa karatasi ngumu mpaka waridi la pembeni linageuka kahawia kabla halijafika. Petali iliyogusana na kitu kigumu kwa nusu saa ya mtikisiko haiponi.

Chungu tulichochukua kama kipimo ni kile cha plastiki kinachouzwa zaidi: mdomo sm 18, kitako sm 13, kimo sm 16. Kikijazwa udongo hadi sm 2 chini ya ukingo kinabeba lita 2.6 hivi, na udongo ukiwa na maji chungu kizima kina kilo 3 na ushei. Mmea wa wastani wenye kimo cha sm 50 juu ya udongo hauongezi hata nusu kilo. Hapo kitovu cha uzito, yaani pale uzito wote wa chungu na mmea unapopata mizani, kipo kama sm 10 kutoka chini, na nusu ya kitako ni sm 6.5. Gawanya: 6.5 kwa 10 ni 0.65. Maana yake chungu kitapinduka kikisukumwa kwa upande kwa nguvu inayofikia asilimia 65 ya uzito wake. Breki kali ya pikipiki husukuma mzigo kwa nusu ya uzito wake, wakati mwingine zaidi kidogo. Kinasimama, lakini kwa shida.

Sasa udongo ukiwa mkavu, kilo 3 zinakuwa kilo 1.5, na mmea ukiwa mrefu wenye majani mengi juu, kitovu kinapanda hadi sm 20. 6.5 kwa 20 ni 0.33 tu. Hicho kinaanguka kwenye breki ya kawaida, hata kwenye kona ya bajaji. Wauzaji wengi huacha kumwagilia siku ya safari ili mzigo uwe mwepesi na trei isichafuke. Kwa hesabu hii wanakitengenezea chungu njia ya kuanguka. Mwagilia jioni ya siku ya kuamkia safari, acha maji yachuje usiku, asubuhi chungu ni kizito na hakidondoshi tope.

Jambo jingine la kuweka sawa mapema ni kona. Kwenye pikipiki kona haisumbui, kwa sababu pikipiki inalala na mzigo unalala nayo; kwa chungu, chini bado ni chini. Kinachosumbua ni breki na matuta. Kwenye bajaji, gari dogo na basi, kona inasukuma mzigo pembeni bila huruma. Kwa hiyo trei ya pikipiki izuie kwenda mbele na kuruka juu; trei ya bajaji izuie pande zote nne.

Mei mwishoni. Trei ya vyungu

Trei ya vyungu viwili ina urefu wa sm 44, upana sm 24 na kimo sm 13.5 kwa jumla. Sakafu na kuta ni plaiwudi ya mm 9, kifuniko cha juu chenye matundu ni plaiwudi ya mm 6. Kuta zina kimo cha sm 12. Pembeni kwa ndani kunasimama vipande vinne vya paina vya inchi 1 kwa 1, urefu sm 12, na kila kitu kinafungwa humo kwa gundi ya mbao na skrubu za inchi 1. Misumari haifai: mtikisiko wa keria huing'oa polepole, na ukiona kichwa cha msumari kimechomoza ujue kuta zimeshaanza kucheza.

Matundu mawili yana kipenyo cha sm 17.2, vitovu vyake vikiwa sm 20 kutoka kimoja hadi kingine. Hapo kati ya matundu inabaki sm 2.8 ya plaiwudi, na kila upande sm 3.4. Usipunguze ile ya kati chini ya sm 2.5, kwa sababu mm 6 ikiwa nyembamba kiasi hicho hukatika kwenye tuta la kwanza zito.

Kipimo cha tundu ndicho chenye siri. Chungu kimepanuka kwenda juu, hivyo kwenye kimo cha sm 12 kipenyo chake ni sm 16.75. Fundi akiachwa mwenyewe atakata tundu la 16.5 ili chungu "kikae imara". Kitakaa, lakini kitakuwa kinaning'inia kwenye tundu badala ya kusimama sakafuni, na kila tuta litakisukuma chini kama kabari. Matokeo ni mawili: ama plastiki inapasuka ukutani, ama chungu kinanasa na mteja anakivuta kwa kushika shina. Kwa 17.2, ukikunja kipande cha tyubu ya pikipiki chenye unene wa mm 2 juu ya ukingo wa tundu, inabaki 16.8. Chungu kinasimama sakafuni kwa uzito wake wote na kinaguswa tu na mpira pale juu, theluthi mbili ya kimo chake na ushei. Hakiwezi kuinama.

Mpira wa ukingoni ni mkanda wa upana wa sm 3 na urefu wa sm 54, unabandikwa kwa gundi ya mafundi viatu. Paka pande zote mbili, subiri ikauke mpaka isishike kidole, ndipo ubandike. Ukibandika ikiwa mbichi unateleza wote siku ya jua. Tyubu ioshwe kwanza kwa sabuni, ndani ina unga mweupe unaozuia gundi kushika.

Chini ya chungu tusiweke sponji. Inaonekana ni wazo zuri, na karibu kila anayeiona trei anauliza mbona haina godoro. Sponji laini ikikandamizwa na kilo 3 inakuwa springi: tuta likipita, chungu kinashuka, kinarudi juu, na kinafika tuta la pili kikiwa bado kinacheza. Kipande cha mpira mwembamba kinatosha kuzuia kuteleza.

Kuruka juu kunazuiwa na mikanda miwili ya tyubu, upana sm 2, inayopita juu ya ukingo wa chungu upande huu na upande ule wa shina, bila kuligusa, na kunasa kwenye ndoano ndogo zilizofungwa ubavuni. Udongo nao unaruka. Kata duara la kitambaa kile cha mifuko mbadala, iliyochukua nafasi ya mifuko ya plastiki, pasua mkato mmoja hadi katikati, livalishe juu ya udongo na mikanda ilishike. Maranda ya mashine za mbao za Mafinga pia yanafaa yakiwekwa unene wa sm 2 juu ya udongo, ila kwenye pikipiki upepo unayachukua yote kabla hujafika Mafiati.

Sakafu ina matundu manne ya mm 10 ya kuchujia maji. Plaiwudi ya kawaida hunywa maji kwenye kingo zake zilizokatwa na kubanduka tabaka kwa tabaka. Paka vanishi mara mbili, na kwenye kingo mara tatu. Plaiwudi ya marini, ile inayotengenezwa kwa kuhimili maji, inavumilia zaidi lakini ni nzito na ghali, na kwa trei ya aina hii haina sababu.

Shiti moja ya futi 8 kwa 4 ya mm 9 inatoa sakafu na kuta za trei 9 kwa kukata kwa raha. Shiti ya mm 6 inatoa vifuniko 25 kama msumeno hauli zaidi ya mm 3. Trei tupu ina uzito wa kilo moja na nusu hivi.

Neno la dereva wa bodaboda aliyeijaribu: "Kaka, imetulia, lakini hii ikikaa kwa upana unaniua kwenye foleni." Ana haki. Keria nyingi tulizopima zina upana wa sm 25 hadi 30, na trei ya sm 44 iliyokaa kimkingamo inachomoza pande zote mbili. Kwa pikipiki inabaki trei ya chungu kimoja, sm 24 kwa 24, au trei ya viwili ikae kwa kufuata urefu wa pikipiki na abiria asipande. Ikikaa hivyo inapata faida nyingine: breki inasukuma kwenye ule upande mrefu wa sm 44, na hapo haipinduki.

Juni. Kikombe cha shada

Shada lina tabu tofauti. Uzito uko juu, kwenye vichwa, na chini kuna fungu la mashina lenye unene wa sm 3 hadi 6. Halafu linataka maji.

Kikombe ni bomba la PVC la inchi 4, lile la maji taka lenye kipenyo cha nje cha mm 110, limekatwa sm 18 na kuzibwa chini kwa kifuniko chake na gundi ya mabomba. Acha gundi ikauke siku nzima kabla ya kutia maji, na kikombe kioshwe mpaka harufu iishe. Ndani kina kipenyo cha kama sm 10.4, hivyo kila sm 1 ya kina ni ml 85. Tunatia sm 4 tu, yaani ml 340. Mashina hayahitaji zaidi ya hapo kwa safari ya saa chache, na kikombe kikijazwa nusu maji yanapiga ukuta na kutoka juu kila pikipiki inapokamata breki. Juu ya maji inaelea duara la sponji ya godoro lenye unene wa sm 3 na mkato wa msalaba wa kupitisha mashina. Kazi yake ni kutuliza maji tu, wala si kushika maua. Sponji ya godoro haishiki shina kama ile ya kijani ya wapamba kumbi.

Mdomo wa kikombe ndio unaoshika. Tyubu ya pikipiki inapasuliwa, inakatwa duara la sm 15, inavutwa juu ya mdomo wa bomba na kufungwa kwa klipu ya bomba. Katikati inachanwa mikato minane kama miale, kila mmoja ukiishia sm 2.5 kabla ya ukingo. Shada linashuka, zile ndimi nane zinakunjika chini na kulibana pale lilipofungwa kwa uzi. Mikato sita inabana mno na kukwaruza ganda la mashina laini. Kumi na mbili inalegea. Miisho ya mikato itobolewe tundu dogo la mm 3, la sivyo mpira unaendelea kuchanika wenyewe hadi ukingoni.

Bila tako pana kikombe hiki kinaanguka. Kikombe na maji ni kama gramu 600 kwenye kimo cha sm 8. Shada ni gramu 800 kwenye sm 35. Kitovu kiko sm 23 juu. Kikikaa kwenye fremu ya sm 30 kwa 30, nusu yake ikiwa 15, tunapata 0.65, ile ile ya chungu kinachosimama kwa shida. Ukiongeza sakafu ya kilo moja chini kabisa, plaiwudi mbili zilizogandana au mfuko wa mchanga uliofungwa vizuri, kitovu kinashuka hadi sm 14 na hesabu inapanda juu ya 1. Hapo kikombe kitateleza kabla hakijafikiria kupinduka, na kuteleza kunazuiwa na mkanda.

Upande wa maua yenyewe, mambo ya kuzingatia ambayo hayaonekani kwenye mchoro:

Jabera ina shina laini na kichwa kizito. Haibebwi kwa shina peke yake. Inawekewa sahani ya boksi yenye matundu, kichwa kikalie sahani na shina lining'inie ndani ya kikombe. Waridi hukunja shingo kama hewa imeingia kwenye mirija ya shina. Kata tena sm 2 hadi 3 za mwisho shina likiwa ndani ya maji, kwa kisu kikali na kwa mshazari, halafu lisimamishe wima mpaka linyooke kabla ya kulipakia. Glayolasi kamwe isilazwe. Ikilala saa chache ncha zinageuka kutafuta juu, na hazinyooki tena. Shada la glayolasi lililolazwa Makambako linafika Morogoro limepinda kama ndoano. Karnesheni nayo ni adui wa matunda mabivu, kwa sababu ndizi na parachichi zinapoiva hutoa gesi ya ethilini inayoifunga karnesheni na kuidondosha petali aina nyingine. Kwenye mabasi ya huku hilo si la nadharia: ndizi za Tukuyu na parachichi za Njombe zinasafiri kwenye buti lile lile. Moshi wa injini una gesi hiyo hiyo, hivyo kwenye pikipiki kikombe kisikae upande wa ekzosi.

Maji ya kikombe yatiwe klorini ya nyumbani, robo ya kijiko cha chai kwa lita moja. Inazuia bakteria kuziba mirija. Zaidi ya hapo inaunguza mashina. Kikombe kioshwe kila safari. Ute ulioganda chini ndio unaofanya waridi la leo liname kwa uchafu wa wiki iliyopita.

Juni hadi Julai. Kinga ya upepo, na baridi

Hewa ya Mbeya, mita 1,700 hivi juu ya bahari, ni nyepesi kuliko ya pwani, lakini upepo wa pikipiki bado ni mzigo halisi. Mwendo wa kilomita 50 kwa saa ni karibu mita 14 kwa sekunde. Kinga yenye upana wa sm 40 na kimo cha sm 60 inasukumwa kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 3. Ongeza mwendo hadi 80, inakaribia kilo 7. Kwa kuwa msukumo huo unapiga katikati, sm 30 na kitu kutoka chini, unainua trei kutoka keria. Ndiyo sababu kibebeo kinafungwa sehemu mbili: mkanda mmoja juu ya sakafu, mwingine kutoka nusu ya kimo kwenda nyuma ya keria. Mkanda mmoja wa tyubu uliozungushwa juu, kama wanavyofunga magunia, hautoshi.

Mifupa ya kinga ni fito za mianzi, upana sm 1.5, unene mm 4, urefu sm 140. Kila trei inachukua mbili zilizokunjwa kama upinde na moja ya mgongoni. Mianzi mibichi inakunjika bila tatizo. Iliyokauka iloweke usiku kucha, la sivyo inapasuka kwa upande wa nje wa kona. Fito zikikaa wiki kadhaa ukaona unga mwembamba umedondoka chini yake, kuna wadudu ndani. Mianzi iloweke wiki kadhaa kwenye maji ya kutiririka kabla ya matumizi ili kuwaondolea chakula chao. Ncha za fito zinaingia kwenye vipande vya bomba la nusu inchi vilivyofungwa kwenye kuta za trei, ili kinga ivuliwe bila kufungua skrubu.

Kuhusu kitambaa, nailoni angavu ndiyo ya kwanza kila mtu anayoifikiria, na ndiyo inayoharibu zaidi. Mmea unapumua mvuke, nailoni haipitishi, na asubuhi ya baridi mvuke unageuka matone upande wa ndani. Petali zikilala na unyevu usiku mmoja, ukungu wa kijivu unaanza kama vidoto vidogo vya kahawia, halafu ua lote. Shada linafika likionekana zima na kesho yake limeoza. Isitoshe, mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini tangu 1 Juni 2019, na mteja anayepokea shada ndani ya mfuko wa nailoni anaanza kuuliza maswali. Neti ya kivuli inapitisha hewa vizuri, ila kwenye pikipiki nayo hupitisha upepo wa kutosha kuchana petali laini. Kilichobaki ni kile kitambaa cha mifuko mbadala, kinachotakiwa kuwa na angalau gramu 70 kwa mita ya mraba. Kinavunja upepo, kinapumua, kinashonwa kwa cherehani ya kawaida, na hakichakazwi na manyunyu. Mvua yenyewe ni habari nyingine: kikilowa kinalala juu ya vichwa. Kwa hiyo kitambaa kiwambwe kwenye fito na pengo la sm 3 libaki kati yake na petali ya nje kabisa. Barabara ya Tukuyu ina mvua nyingi kiasi kwamba juu ya kitambaa tumeweka kipande cha turubai kinachofunika mgongo na theluthi ya juu tu. Pande ziachwe wazi.

Baridi ni kazi ya mwezi huu. Usiku wa Juni na Julai mjini unashuka chini ya nyuzi 10, na Kitulo barafu inaonekana kwenye majani. Waridi na karnesheni hazijali; zinapenda. Antheriamu, na mimea mingi ya ndani yenye majani mapana, inaumia ikikaa chini ya nyuzi 12, na jeraha halionekani papo hapo. Mabaka yenye maji yanatokea siku moja au mbili baadaye, mteja akiamini ameuziwa mmea mgonjwa. Kwa hiyo mimea hiyo haiondoki kitaluni kabla jua halijapanda. Ikilazimika kuondoka alfajiri, ndani ya kitambaa inaongezwa ngozi ya magazeti mawili, yaliyokunjwa kwenye fito bila kugusa jani, na yanaondolewa jua likitoka.

Agosti. Boksi la basi

Basi la Dar linaondoka alfajiri baridini, linapita Makambako na Mafinga ambako bado ni baridi, linashuka Kitonga, na kuanzia Ruaha Mbuyuni joto linaingia butini mpaka mwisho wa safari. Boksi moja linatakiwa kuvumilia yote mawili.

Vipimo: sm 44 kwa 44, kimo 75, karatasi ya boksi ya kuta mbili. Mistari ya mawimbi ya karatasi isimame wima. Ikilala, boksi linakunjika kiunoni likiwekewa begi juu, na ukiangalia maboksi yaliyopondeka stendini utakuta mengi yamekatwa hivyo kwa sababu kipande kilitosha upande huo. Unyevu nao unaua: karatasi ya boksi iliyonyonya mvuke hupoteza karibu nusu ya nguvu yake. Kwa hiyo trei ya plaiwudi ndiyo sakafu, chungu kisigusane na karatasi, na ukingo wa chini wa boksi upakwe nta ya mishumaa iliyoyeyushwa kwa kimo cha sm 8.

Matundu ya hewa yana kipenyo cha sm 3. Kila upande matundu 10, na pande mbili zina matundu ya kushikia ya sm 10 kwa 3.5. Yote pamoja hayazidi asilimia 4 ya eneo la upande, na hakuna linalokaa ndani ya sm 5 kutoka kona, kwa sababu kona ndizo zinazobeba mzigo wa juu. Matundu yana vifuniko vya manila vilivyobandikwa upande mmoja: alfajiri vinafungwa, na maelekezo kwa konda yaandikwe kwa kalamu nzito, FUNGUA IPOGOLO, yaani Iringa, kabla ya kushuka Kitonga. Konda hafungui mara zote. Ndiyo sababu matundu manne ya juu kabisa hayana vifuniko, na joto linapopanda linapata pa kutokea.

Sehemu tunayoipenda zaidi ni paa. Maandishi ya "usiweke mzigo juu" hayajawahi kuzuia mzigo kuwekwa juu. Tumekunja kifuniko kiwe na mgongo kama paa la nyumba, kimo cha sm 15, na begi likiwekwa linateleza lenyewe. Konda akishaliona linaanguka analiweka kwingine. Mgongo unashikiliwa kwa ndani na ubao mmoja wa paina wa sm 44.

Boksi lipangwe ndani ya buti vyungu vikiwa vimefuatana kwa mwelekeo wa gari. Mteremko wa Kitonga ni breki ndefu, na mzigo wote unasogea mbele. Trei iliyokaa kimkingamo inasukumwa kwenye upande wake mfupi. Ile nafasi ya sm 20 inayobaki kando ya trei ndani ya boksi ijazwe majani makavu ya mgomba yaliyokandamizwa, si magazeti, yanayolegea yakishapata unyevu.

Septemba. Yaliyobaki mezani

Vyungu vya kufinyanga vya Ikombe, vinavyopanda kutoka Ziwa Nyasa, vina kitako cha mviringo na trei haivijui. Jibu lipo tayari kwenye vichwa vya akina mama: ngata. Tunaitengeneza kwa tairi la baiskeli lililokatwa, likafungwa duara la kipenyo cha ndani cha sm 10 na kujazwa maranda, halafu likafungwa sakafuni kwa skrubu mbili. Tundu la juu linatakiwa liwe kubwa kuliko tumbo la chungu, kwa hiyo ukingo unaoshika ni ndimi za mpira kama za kikombe cha shada, zenye urefu wa sm 4. Udongo wa kuchomwa hauvumilii kugongana. Vyungu viwili visikae trei moja bila ukuta wa plaiwudi kati yake.

Mashada ya msiba yanasafiri yakiwa yamelala kwenye boksi la sm 55 kwa 55 kwa 15, yakishikwa na vigingi vitatu vya ndani ya duara. Hayo hayana la ziada.

Patani, yaani kiolezo, ya plaiwudi ya mm 6 kwa ajili ya matundu imeshakatwa: moja ya 17.2 kwa chungu cha sm 18, nyingine ya bomba, 11.2. Ya chungu cha sm 24 inasubiri, kwa sababu wauzaji wawili wanauza "ishirini na nne" zenye kitako tofauti, na kipenyo kwenye theluthi mbili ya kimo kinapishana kwa zaidi ya sm 1. Mpaka ipatikane njia ya kuvishika vyote kwa tundu moja, pengine kwa zile ndimi za mpira badala ya ukingo mgumu, fundi apime chungu chenyewe kwa uzi kwenye kimo cha sm 15, agawe kwa 3.14, aongeze mm 4, ndipo akate.